Chumba cha juu na jua la utosini

Usiku wa kwanza niliomshusha mjukuu wangu kutoka chumba kipya cha juu, saa ilikuwa inakaribia sita. Ilikuwa Machi. Mtoto alikuwa na siku kumi na tisa tangu azaliwe, na harara ilikuwa imemjaa shingoni, makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Mamake, binti yangu wa kwanza, alikuwa ameketi kitandani akimpepea kwa kipepeo cha ukindu, jasho likimtiririka, wala hakulalamika. Kule kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma. Nilimpakata mtoto, nikashuka naye ngazi hadi ndani, chumba cha mwisho cha nyumba yetu ya zamani, nikamlaza juu ya leso mbili. Hata robo saa haikwisha, akalala.

Mimi sikulala. Chumba kile nilikijenga kwa akiba ya miaka kumi na moja ya mshahara wa ualimu.

Kwetu Lamu nyumba ni ya mwanamke. Binti akiolewa hatoki kwao, mume ndiye humfuata, na nafasi ikiwa haba wazazi hupandisha ghorofa. Nyumba hii mamangu aliipata kwa mamake, nami nikaipata kwake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu. Boriti haibebi uzito wa dari kupita mita mbili na nusu hivi, au kuzidi kidogo, basi kila chumba ni kirefu na chembamba. Tangu utotoni niliuona wembamba ule kama dhiki. Nilijiapia kwamba binti yangu atapata chumba kipana, chenye dirisha la kuonea bahari.

Nikakipata. Mita nne kwa nne na nusu. Matofali ya saruji ya inchi sita yalikuja kwa mashua kutoka Mokowe, yakapandishwa vichochoroni kwa punda, safari baada ya safari. Paa likawa la mabati ya rangi ya hudhurungi, na chini yake silingi ya jipsamu iliyopigiliwa karibu kugusana na mabati, kwa sababu nilimwambia fundi nataka chumba kionekane kirefu kwenda juu. Upande wa mashariki tukaweka dirisha moja kubwa la kioo cha kusukuma, linalotazama mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda. Kusini kuna ukuta wa ngazi. Kaskazini kuna kiwanda cha jirani, yaani ua wa ndani ya nyumba yake, na wanawake wa nyumba ile hukaa humo bila buibui. Kufungua dirisha juu yao ni kuwavunjia heshima, basi ukuta ule tuliuacha mzima. Magharibi pia mzima.

Siku ya harusi kila aliyepanda alikisifu, na kweli kilikuwa kizuri. Ilikuwa Julai, kusi, upepo wa kusini-mashariki, likivuma, na hakuna aliyehisi lolote.

Joto lilianza kujionyesha Desemba kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ilipoingia, na kufikia Februari chumba kilikuwa hakikaliki kuanzia saa saba mchana. Nilinunua kipimajoto cha ukutani, kile cha bei rahisi. Saa kumi alasiri kilisoma nyuzi 36. Saa tano usiku, nje kukiwa nyuzi 28, chumbani bado 33. Chini, katika chumba nilichokidharau, ilikuwa 30. Nyuzi 30 si baridi, lakini mtoto mchanga aliitambua tofauti hiyo kabla yangu.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa panka ya dari. Ilipozungushwa usiku wa kwanza binti yangu alisema, "Mama, ni kama mtu ananipulizia kutoka jikoni." Alikuwa amesema kweli. Panka haipoozi chumba, humpoza mtu, kwa kuharakisha jasho likauke mwilini. Hewa ikiwa nyuzi 28 au 29 panka ni neema kubwa, mwili huhisi kana kwamba nyuzi mbili tatu zimepungua, na umeme unaokwenda ni mdogo, wati 70 hivi. Lakini hewa ikikaribia joto la mwili wenyewe, na silingi iliyo juu ya panka ikiwa ya moto, panka hulichota joto la juu na kukumwagia.

Ya pili ilikuja kwa mapenzi. Mkwe wangu alikwenda Mombasa akarudi na mashine ya kupoza kwa maji, ile yenye tangi na panka ndani yake. Aliambiwa dukani kwamba inakula umeme kidogo kuliko AC, na hilo ni kweli. Ila mashine ile hupitisha hewa kwenye pedi zilizoloa, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Mahali pakavu kama Lodwar huenda ikawa dawa. Hewa yetu ya pwani imekwisha kushiba maji yake, unyevu wake mara nyingi unapita asilimia 75, na hewa iliyoshiba haipokei mvuke zaidi. Siku ya tatu shuka zilikuwa zina unyevunyevu, siku ya kumi buibui la binti yangu lilitoa ukungu kabatini. Sikumlaumu mkwe wangu na wala sitamlaumu. Lakini mtu yeyote wa Lamu au Malindi akiniuliza, ninamwambia asipoteze pesa yake hapo.

Hapo ndipo nilipoita mafundi wa kiyoyozi. Wa kwanza hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni, akapangusa jasho, akasema chumba hiki kinataka mashine ya BTU 24,000. Kwa asiyejua, BTU 12,000 kwa saa ndiyo mafundi huiita tani moja, nayo ni kuhamisha joto la kama kilowati tatu na nusu. Mashine ya tani mbili iliyotimiza kazi yake hutumia umeme wa kilowati mbili na zaidi. Nikapiga hesabu ya usiku mmoja wa saa nane, kompresa isipumzike: zaidi ya yuniti 16. Mimi hununua tokeni kwa pesa ndogondogo kama watu wengi hapa. Nilimshukuru, akaenda zake.

Wa pili alikuwa kijana wa Malindi, hutengeneza friji na mashine za barafu. Alifika saa saba mchana, kwa makusudi, naye aliomba ngazi kabla ya kitu kingine. Alipanda akashika silingi kwa kiganja, kisha akatoa kipimajoto chake cha kuelekeza kama tochi. Silingi: nyuzi 47. Ukuta wa magharibi: 38, na jua lilikuwa bado halijaugeukia. Sakafu: 31.

"Mama mwalimu," alisema akishuka, "nikikuuzia mashine leo utakuwa unalipia kupoza jua. Rekebisha paa kwanza, halafu uniite."

Mamangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na ngazi, akisikiliza. Ana miaka themanini na kitu, na Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu, hakijabadilika. Akasema, "Yua la Machi latoka utosini, mwanangu. Nanyi mumekivika chumba kofia ya chuma."

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na jambo hilo nililijua kwa vitabu bila kulijua kwa nyumba yangu. Lamu iko kama nyuzi mbili kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu hasa. Kuta hupata jua la pembeni, asubuhi na jioni. Paa hulipata lote, kutwa. Nyumba za zamani hapa zililijua hilo. Dari ya juu kabisa iliezekwa kwa makuti kwenye nguzo, pande zikaachwa wazi, kivuli juu na upepo chini yake, na watu walilala huko miezi ya joto. Mawe mazito yalikuwa ya vyumba vya mchana. Ukuta mnene hukawia kupata joto, lakini hukawia vilevile kulitoa. Ndiyo maana sikumsikiliza ndugu yangu mmoja aliposhauri tukizungushie chumba cha juu ukuta mwingine wa mawe. Mbali na uzito ambao kuta za chini zingeubeba, chumba cha kulalia usiku kinataka kuwa chepesi, kipoe haraka jua likizama.

Basi tukaanza na paa. Mabati tuliyaosha chumvi na vumbi kwa maji ya kisima na kumalizia kwa maji ya mvua, tukayapaka rangi nyeupe ya paa mikono miwili. Kazi ya siku mbili, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Kijana wa Malindi alirudi akapima saa ileile ya saba: silingi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 40. Wapo wanaosema nyeupe inachafuka upesi. Inachafuka kweli, kwa hiyo kila baada ya masika tunaiosha.

Halafu tukabomoa silingi. Hilo liliniuma mfukoni, lakini hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa ilikuwa imebana joto baina yake na mabati bila pa kutokea. Tuliishusha futi moja na nusu, juu yake tukatandaza karatasi ya rangi ya fedha ya kurudisha joto, na kwenye ncha za paa, pande zote mbili, tukaacha matundu yenye wavu. Wavu ni lazima. Jirani wa nyuma aliacha matundu bila wavu, na leo popo wamehamia kwake na kunguru wanataga.

Ukuta wa magharibi tulijengea upenu wa makuti, mita moja na nusu, kwa fito na nguzo za mikoko. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na yanaogopesha kwa moto, kwa hiyo jiko tulilihamishia upande wa pili kabisa. Ningeweza kuweka mabati meupe hapo. Nilichagua makuti kwa sababu hayahifadhi joto, na kwa sababu nayapenda, sitaki kujitetea zaidi ya hapo.

Kazi iliyohitaji busara kuliko zote ilikuwa ya ukuta wa kaskazini. Upepo hauingii chumba kisichokuwa na pa kutokea. Dirisha letu kubwa lilikuwa linautazama upepo wa kusi, na upepo ulifika pale kiooni ukasimama, kwa sababu mbele yake palikuwa na ukuta mzima na mlango unaofungwa. Mamangu aliyasema haya tangu siku ya kwanza: "Mbona mumefunga ndia ya pepo?" Nami nilidhani anazungumzia mlango. Suluhisho lilikuwa madirisha mawili mapana na mafupi, juu ya kimo cha mtu aliyesimama, yenye mbao zilizolala kwa mshazari kutazama mbinguni. Kabla ya kutoboa tofali hata moja nilikwenda kwa jirani yangu na sinia ya vitumbua, nikamweleza. Alipanda mwenyewe kazi ilipokwisha, akasimama juu ya kiti, akajaribu kuchungulia kiwanda chake, akaona mawingu tu. Akacheka, akanishika mkono. Huko ni kujenga mjini, ambako ukuta wako ni nusu ya nyumba ya mwenzio.

Machi iliyofuata, saa tano usiku, kipimajoto kilisoma 29 na nusu, nje 28. Kwa upepo na panka, hiyo inalalika. Chumba kisicho na mashine hakiwezi usiku kuwa baridi kuliko hewa unayoiingiza. Lakini kuna siku za matulivu, kaskazi imekwisha na kusi bado haijafika, ambapo hakuna jani linalotikisika. Kwa siku hizo nilimwita tena kijana wa Malindi, naye akafunga mashine ya BTU 9,000 ya inveta, inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa, badala ya ile 24,000 ya yule mwingine. Chumba ni kilekile.

Kuhusu mashine nina machache, na yote nimeyaona kwa macho. Kipande cha nje usikiweke kikitazama bahari. Binamu yangu alikiweka hivyo, chumvi ikala mapezi ya alumini, na kabla ya miaka mitatu gesi ilikuwa imekwisha na mashine haina thamani. Chetu kiko upande wa nyuma, kimejificha nyuma ya ukingo wa paa, na kila mwezi tunakimwagia maji baridi ya mvua, polepole. Kujificha nako kuna maana yake. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na anayetaka kupandisha ghorofa au kuning'iniza chuma ukutani aulize kwanza wanaohusika, kabla ya kununua.

Maji yanayotiririka kutoka mashine yanataka bomba lake hadi chini. Hewa yetu ina unyevu mwingi, basi mashine hutoa ndoo nzima kwa usiku. Nimeona nyumba moja ambayo maji hayo yaliachwa yadondoke juu ya ukuta wa matumbawe uliokuwa umepakwa saruji juu ya chokaa. Saruji haikuruhusu unyevu utoke, na plasta yote ilianguka pamoja na kidaka cha kale, kishubaka cha mapambo cha ukutani. Hakuna fundi anayeweza kukirudisha kidaka kile. Sisi tunayakinga kwenye ndoo, tunaoshea sakafu.

Na jambo lililonigharimu fikra zaidi: chumba cha upepo kinataka kufunguka, chumba cha mashine kinataka kufungika. Mbao za mshazari nzuri za kaskazini zilikuwa zinavujisha baridi yote. Tulitia milango midogo ya ndani yenye mpira pembeni, inafungwa kwa kijiti kirefu. Sasa mashine huwashwa Februari hadi Aprili tu, mtoto anapolazwa, kwa nyuzi 27 na panka polepole, kisha saa sita mamake huizima na kufungua milango ile. Umeme ukikatika kuna panka ndogo ya betri na sola. Tokeni hazijanitoa jasho tena.

Mjukuu wa pili alizaliwa Julai, na hapo mzozo ukageuka kichwa chini. Mamangu alisema chumba kina baridi. Kwa mwenye arobaini, alisema, upepo ni adui: mzazi aogeshwe maji ya moto, akandwe, afukizwe, madirisha yafungwe, na jiko la makaa liwekwe karibu na kitanda. Usiku wa kipupwe huku hushuka hadi nyuzi 23 au 24, na kwa mwili uliotoka kuzaa si jambo la kupuuza. Nilimheshimu katika yote isipokuwa moja. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu asiamke. Chumba cha zamani kilikuwa na mianya kila mahali. Hiki tulikuwa tumekitia mpira kwenye milango ya madirisha. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, "Mama, jiko litakaa kiwandani. Ufukizo ufanyike huko, kisha mzazi apande na shuka zilizopashwa." Alinyamaza muda. Akasema, "Na dirisha la kaskazini?" Nikasema litafungwa. Tukaelewana.

Mdogo wangu aliyeolewa Nyahururu alinipigia simu kuhusu hilo hilo, maana nao wameongeza chumba na kule Julai watu hulala na makoti. Nilimwelekeza kwa kijana wetu, naye alimweleza kwamba ziko mashine za inveta zinazogeuka: badala ya kutoa joto nje huliingiza ndani, na kwa yuniti moja ya umeme huleta joto la kama yuniti tatu, kwa kuwa hulihamisha tu, hailiumbi. Ila naye alimwambia azibe kwanza nafasi iliyo baina ya ukuta na mabati. Kule upepo ule ule tunaoutafuta sisi ndio unaowaibia joto.

Sasa binti yangu wa pili amechumbiwa, na chumba chake kitakuwa upande wa nyuma wa dari. Fundi wa ujenzi ananiuliza kila Ijumaa lini aanze. Mimi kila asubuhi, adhuhuri na jioni ninapanda na leso iliyofungwa kwenye ufito, nausimamisha katikati ya pale kitanda kitakapokuwa, na kuandika kwenye daftari inapepea kuelekea wapi. Nimekwisha kuandika miezi minne ya kusi. Mamangu hupandishwa na kiti chake, hufumba macho, na mara nyingine hunyosha mkono kuonyesha upande kabla leso haijatikisika.

"Ngoja kaskazi," aliniambia jana. Nami ninaingoja.